Mazungumzo ya Nyumbani: Kiti Kilegalegacho

Mwezi huu nataka tuingie ndani ya nyumba, tutazame vitu vya mti tuvikaliavyo na tuvilaliavyo kila siku, yaani viti, meza, kitanda na kabati. Huenda mtu akasema, "Mwalimu ameishiwa na maneno, sasa atufundisha habari za viti." Na aseme. Lakini asome kwanza hata mwisho, maana habari hii imenigharimu, wala si mimi niliyelipa sehemu kubwa ya gharama yake.

Nyumbani kwangu palikuwa na viti vinne vya mninga, tulivyovinunua mwaka ule tulipooana. Kimoja kati yao kilikuwa na mikono, nacho kilikuwa kiti cha mgeni. Ninyi nyote mwajua desturi hii: kiti kizuri hakikaliwi na watoto, wala baba mwenyewe hakikalii sana, hutandikwa kitambaa cha kufuma, kikangoja mgeni. Hata nyakati za sala za nyumbani, jirani wanapokusanyika, kiti hiki huachwa mpaka aje mzee. Basi mwaka 2019, kabla ya mvua za masika, mama watoto aliniambia, "Kiti cha mgeni kinacheza mguu wa nyuma." Nikamjibu kwamba nitakitazama. Zikapita wiki kadhaa. Ilipokaribia Pasaka nikachukua nyundo na misumari miwili ya inchi 3, nikaipigilia pale penye kiungo. Kiti kikasimama imara, nami nikafurahi sana. Jumamosi Kuu nikakipaka mafuta ya nazi, kikang'aa.

Jumatatu ya Pasaka alikuja mama yangu mkubwa, dada yake mama aliyenizaa. Alikuwa ametembea tangu njia kuu hata kwetu, naye si kijana tena. Tukampokea kwa furaha, tukamkalisha kwenye kiti chake. Alikaa kitambo, akaegemea, akanyosha mkono apokee kikombe cha chai. Hapo mguu ukatoka nje. Alipoanguka aliweka mkono wa kuume chini ili ajizuie, na kifundo cha mkono kikavunjika.

Mama mkubwa ni msuka mikeka. Kwa ukindu wake amesomesha watoto, na wakati ule alikuwa akimsomesha mjukuu. Mkono ule ulikaa ndani ya plasta wiki 6, na baada ya plasta ulikuwa mgumu, vidole havikukunjika vema kwa muda wa miezi. Msimu mzima hakusuka hata ukili mmoja. Njiani tukienda hospitali aliniambia, "Usihuzunike, mwanangu, kiti ni mti tu." Maneno hayo yalinichoma kuliko kama angalinilaumu.

Baada ya siku chache nilivichukua vipande vya kile kiti nikampelekea seremala mmoja mzee, mtu aliyefanya kazi hiyo tangu ujana wake. Hakunicheka. Aliichomoa misumari yangu kwa koleo, akaniita nitazame ulimi wa mti, yaani ile ncha iliyochongwa ikaingia ndani ya tundu la mguu. Ulimi ulikuwa laini, uking'aa. Akaniuliza, "Mpini wa jembe lililolimiwa miaka mingi hung'arishwa na nini?" Nikajibu, "Na mikono." Akasema, "Na huu umeng'arishwa na tundu lake. Ulikuwa ukisugua miaka miwili mitatu, nanyi mwaketi juu yake." Kisha akanionyesha ufa. Msumari wangu ulikuwa umeupasua ulimi kwa kufuata nyuzi za mti, tangu ncha hata shina. Hata lile tundu la msumari halikuwa duara tena, bali limekuwa refu kama tundu la kifungo, na ndani yake mna vumbi la kutu. Kwa maneno mengine, kabla sijapiga msumari kiti kilikuwa kikilegea, na baada ya msumari kilikuwa kimevunjika, ila hakijaanguka bado.

Nilimwuliza sababu kiti chema kilegee, tena kiti kisichokaliwa sana. Jibu lake limenifaa katika mambo mengi ya nyumba, basi nitalieleza kwa urefu.

Mti, hata ukiisha kupasuliwa na kurandwa, haukomi kunywa maji. Wakati wa masika huvuta unyevu wa hewa ukavimba. Wakati wa kiangazi huutoa ukanywea. Ninyi mwajua mlango ufungikao vizuri mwezi wa Februari, nao mwezi wa Mei hukwama, hata ukausukuma kwa bega. Sababu ndiyo hiyo. Tena mti hauvimbi sawasawa: kwa urefu wa nyuzi zake haubadiliki ila kidogo sana, bali kwa upana hubadilika. Sasa fikirini kiungo cha kiti. Nyuzi za ulimi zinalala, na nyuzi za mguu zimesimama. Zinakutana kama msalaba. Mvua zikija, huu wavimba huku na ule wavimba kule. Jua likija, kila mmoja wanywea kwa njia yake. Kwetu jambo hili hutukia mara mbili kwa mwaka, maana tuna masika na vuli. Gundi iliyo katikati yavutwa mwaka hata mwaka, na mwisho yakatika. Basi kiti kuanza kulegea baada ya miaka si lazima iwe aibu ya seremala, wala haina maana kwamba kiti kimekwisha. Maana yake ni kwamba gundi imekatika, na mti wenyewe bado mzima. Wakati wa kutengeneza ndio huo. Ukingoja, kila mtu aketiye huusugua ulimi ukapungua, na tundu likapanuka, hata siku moja gundi haitakuwa na kitu cha kushika.

Tena sisi wenyewe tunazidisha ubaya. Mtoto hukiegemeza kiti kikasimama kwa miguu miwili ya nyuma, naye akapembea huku akisoma kitabu. Hapo uzito wote wa mwili wake waangukia viungo viwili tu, nao hufanya kama mtaimbo ung'oao jiwe. Meza ya kulia huburutwa na mtu mmoja ashikaye upande mmoja, nayo miguu yafuata kwa shida. Kiti huinuliwa kwa kushikwa ubao wa juu wa mgongo. Afadhali kiti kiinuliwe kwa kushika pale pa kukalia, na meza ichukuliwe na watu wawili.

Nawashauri basi mvitazame vitu vyenu mara mbili kwa mwaka, masika ikiisha na vuli ikiisha. Si kazi ya siku nzima. Kipindue kiti, ukiweke juu ya mkeka, miguu ikitazama juu. Shika miguu miwili, uivute na kuisukuma polepole, ukisikiliza. Kiungo kizima hakisemi neno. Kiungo kilichokatika hulia, tena waweza kuona mstari mwembamba ukifunguka na kujifunga. Fanya hivyo kwa miguu yote, kisha kwa mgongo. Ukiisha, kigeuze kisimame, uweke kiganja juu ya mgongo wake na kukisukuma kushoto na kulia.

Lakini angalia usikosee jambo moja. Pengine kiti chacheza, lakini kosa ni la sakafu. Kihamishe, au kizungushe pale pale: mcheko ukihamia mguu mwingine, sakafu ndiyo mbovu, ukibaki katika mguu ule ule, kosa ni la kiti. Nalisema hili kwa sababu nimeona watu wakichukua msumeno wakakata mguu ulioonekana mrefu, kisha wakaona wa pili umekuwa mrefu, wakaukata nao. Iko meza moja ya kulia ninayoijua mimi iliyokatwa hivyo, leo mguu huu, kesho ule, hata sasa inawafaa watoto wadogo tu.

Ukiisha kuona kiungo kilicholegea, usikitie msumari, wala usimimine gundi juu yake kwa nje ukitumaini kwamba itaingia. Haitaingia. Lazima kiungo kifunguliwe. Kwanza andika alama kwa chaki au kalamu ya risasi, ulimi na tundu lake, kama vile 1 na 1, 2 na 2, maana vyote vyafanana lakini kila kimoja kimezoeana na mwenzake. Chunguza pia kama kuna msumari au parafujo iliyofichwa, uitoe. Kisha gonga kwa nyundo ya mti. Kama huna, tumia nyundo ya chuma, lakini weka kipande cha ubao katikati ili usiuchubue mti. Gonga polepole karibu na kiungo. Viungo ambavyo bado vizima viache, usivivunje kwa ajili ya kutimiza kazi.

Sasa kwangua gundi ya zamani katika ulimi na katika tundu. Hapa ndipo wengi wafanyapo haraka wakaharibu. Viti vya zamani sana huenda viliungwa kwa gundi iliyopikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Hiyo hulainika kwa maji ya moto, na gundi mpya ya namna hiyo hushikamana na ile ya kwanza. Lakini gundi nyeupe ya maseremala iuzwayo madukani siku hizi sivyo ilivyo. Haishiki juu ya gundi iliyokwisha kukauka. Lazima uikwangue hata mti wenyewe uonekane. Tumia patasi au kisu, na mkono mwepesi, maana wakwangua gundi wala si mti. Ukiupunguza ulimi, umejiongezea kazi.

Kisha jaribu kuviunga vikavu. Ulimi ukiingia kwa kusukumwa na mkono ukakaa bila kucheza, vema. Ukiingia kwa ulegevu, umekwisha liwa. Hapo watu hutia karatasi au kitambaa, nacho hakina nguvu. Tafuta kibanzi chembamba cha mti wa namna ile ile, nyuzi zake zielekee kama nyuzi za ulimi, ukigandishe kwa gundi ubavuni mwa ulimi. Kikauke, kisha ukipunguze kwa msasa kidogo kidogo mpaka ulimi uingie kwa kukaza. Na kama ulimi wenyewe umepasuka kama wangu, mpelekee seremala. Kazi hiyo yataka ulimi mpya.

Paka gundi pande zote mbili, si nyingi, uviunge, na ile ichuruzikayo nje uifute mara moja kwa kitambaa chenye maji. Sasa kiungo chataka kubanwa mpaka gundi ikauke. Seremala ana jiriwa, nasi tuna kamba. Zungusha kamba mara mbili kuizunguka miguu ya kiti, uifunge, upenyeze kijiti katikati ya nyuzi zake, ukipindishe kama mtu akamuaye nazi kwa kifumbu. Kamba hukaza kwa nguvu ya ajabu. Chini ya kamba, pale penye kona, weka vitambaa ili isiukate mti. Kisha simamisha kiti mahali palipo sawa, uchukue uzi, upime kutoka mguu wa mbele wa kushoto hata mguu wa nyuma wa kulia, kisha mbele kulia hata nyuma kushoto. Vipimo vikiwa sawa, kiti kimenyoka. Vikitofautiana, kisukume mpaka visawazike, maana kikikauka hali kimepotoka kitabaki hivyo. Kiache usiku na mchana, na asikikalie mtu hata kwa dakika moja.

Wengine wataniuliza, je, msumari hauna kazi yake? Unayo. Wafaa katika sanduku, na katika paa, na katika banda la kuku. Lakini katika kiti, kilichovutwa na kusukumwa kila siku, msumari hauzuii mwendo. Hukaa ndani ukilipanua tundu lake. Huku kwetu karibu na pwani hewa ina chumvi na unyevu, nao huota kutu upesi. Tena siku utakapotaka kukifungua kiti ukitengeneze sawasawa, msumari utakuzuia, na kuung'oa ni kuuvunja mti. Kama kiungo chahitaji nguvu zaidi, toboa tundu kwa keekee kupita mguu na ulimi pamoja, utie kigingi cha mti mgumu. Au chini ya kikalio, katika kila pembe, weka kipande cha ubao cha pembe tatu, kitiwe gundi na parafujo mbili. Parafujo nayo yataka kutobolewa njia kwanza, nyembamba kuliko yenyewe, na kupakwa nta kidogo ili iingie bila kuupasua mti.

Tuje kwenye kitanda. Wenye vitanda vya kamba mna bahati, maana kitanda kile hakina gundi: ni matendegu manne, mifumbati miwili na vitakizo viwili, na kamba zenyewe ndizo zivutazo vyote pamoja. Kamba zikilegea, viungo navyo hulegea na kuanza kusuguana. Basi kuwamba kitanda upya si kwa ajili ya raha ya mgongo tu, ni kwa ajili ya uhai wa matendegu. Kitanda hicho chaweza kumwagiwa maji ya moto kwa sababu ya kunguni, kisha kikaanikwa. Lakini kitanda cha seremala kilichoungwa kwa gundi, au meza, usikitendee hivyo. Maji yachemkayo na jua kali vitakatisha gundi na kuupasua mti siku moja. Kwa kunguni zilizo ndani ya nyufa zake tafuta njia nyingine.

Kitanda cha godoro, zitazameni chaga zake. Ukiona ubao wenye jicho katikati, pale palipoota tawi, jua kwamba hapo ndipo utakapovunjika. Ubadilishe, au uuhamishe pembeni pasipolaliwa. Chaga zisizofungwa husogea kidogo kidogo usiku hata hupatikana pengo, na mtoto akiruka juu ya godoro huzama. Parafujo moja kila mwisho wa ubao yatosha.

Wadudu ni adui wa namna mbili, na dawa zao ni mbalimbali. Mchwa hutoka ardhini, wakajenga njia zao za udongo ukutani au mguuni mwa kabati, wakala ndani wakiacha ngozi ya nje. Mtu huona kabati zima, kumbe ni ganda. Basi sogeza kila kitu kitoke ukutani upana wa mkono, upate kuona nyuma yake, na kila juma uzivunje njia za udongo uzionazo. Gonga miguu kwa kifundo cha kidole. Penye uwazi patalia kama ngoma. Chini ya kila mguu weka jiwe bapa au kipande cha bati kilichopindwa kingo. Zamani walizoea kuweka mikebe ya maji, lakini maji yakikaa huzaa mbu, na mguu ukilowa daima huoza. Hata wenye sakafu za saruji msifikiri mmeokoka, kwa maana mchwa hupita katika ufa mdogo sana. Tena sakafu ikipigwa deki kila asubuhi, ncha ya mguu hunywa yale maji kama utambi. Pindueni vitu vyenu mkapake nta au rangi pale pa chini pasipoonekana. Maseremala wengi hupaacha.

Namna ya pili ni wadudu wabunguao mti mkavu. Hawa hawana njia ya udongo. Alama yao ni vitundu vidogo kama vya sindano, na unga mwembamba chini. Kwa kawaida hupenda ile sehemu nyeupe ya mti iliyokuwa karibu na gome. Kiini cha mvule, mninga au msaji wetu wa Longuza hudumu, lakini sehemu nyeupe ya miti hiyo hiyo huliwa. Mwembe huliwa upesi. Kwa hiyo ununuapo kiti, kipindue kabla ya kuuliza bei. Mara nyingi mbele pametiwa kiini kizuri, na nyuma au chini pametiwa ubao mweupe, kisha vyote vimepakwa rangi moja. Ukiwa na kiti chenye unga, ufute, ungoje siku kadhaa. Unga ukirudi, wadudu wangali hai, na ubao ule wataka kubadilishwa kabla haujabeba mtu.

Wako wapakao mafuta machafu ya motokaa kuzuia mchwa. Nawaombeni, msiyatumie ndani ya nyumba. Yana sumu iingiayo mwilini kwa ngozi, na mtoto alalaye kitandani hapo huipata kila usiku. Kadhalika, mkiwa na kitu cha zamani sana chenye rangi, msikisugue kwa msasa mkavu, maana rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake huwadhuru watoto akili na mwili. Ifuteni kwa maji tu, mkapake rangi mpya juu yake.

Kuhusu kung'arisha, mafuta yangu ya nazi yalikuwa kosa la pili. Mafuta ya nazi hayakauki juu ya mti. Hukaa yakishika vumbi, na baadaye hunuka. Kitu kizuri ni nta ya nyuki, kama ile itokayo misitu ya Tabora. Ikune nyembamba, uitie ndani ya mkebe wenye kifuniko, fungu 1 la nta kwa mafungu 2 au 3 ya tapentini, uiache mpaka iyeyuke yenyewe. Usiipashe motoni, maana tapentini huwaka upesi. Paka kidogo, ungoje, usugue kwa kitambaa kikavu. Wengine hupaka mafuta ya kitani, nayo ni mema, maana hukauka yakawa ngozi juu ya mti. Lakini vitambaa ulivyotumia kuyapakia usivifinyange ukavitupa pembeni. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na vitambaa vilivyofinyangwa vyaweza kuwaka vyenyewe pasipo mtu kutia moto. Vitandaze nje mpaka vikauke, au uvilowe ndani ya maji.

Neno moja la kabati. Mtoto akitaka kitu kilicho juu huvuta saraka moja moja akazipanda kama ngazi, nalo kabati humwangukia. Ifungeni kila kabati ndefu ukutani kwa kipande cha chuma na parafujo, na vitu vizito viwekwe chini. Fanyeni leo.

Kile kiti cha mgeni seremala alikitia ulimi mpya, na vigingi viwili vya mti. Mama mkubwa akaanza tena kusuka mwaka uliofuata, ijapokuwa asema mkono huo huuma nyakati za baridi. Bado hututembelea kila Pasaka. Akifika, kabla ya kuketi, huweka mkono wake ule ule juu ya mgongo wa kiti, akakisukuma kushoto, akakisukuma kulia, akasikiliza. Kisha huniuliza, "Na vile vingine vitatu, umevitazama?"